Mshale wa Ermelinda

Injini ya petroli ilifia njia ya Tecka, mwezi wa Agosti,
barafu imeganda kiooni kama ukoga wa meno.
Tukaifungia ile pikapu Perkins ya dizeli,
iliyotoka kwenye trekta lililopinduka;
silinda nne, roho ngumu, sauti ya mawe ndani ya debe.
Watu wa Trevelin wakaja, wakapiga makofi.
Ermelinda Cayún hakupiga.
Aliweka kiganja juu ya boneti, akakiacha pale, akanitazama.

"Ile ya zamani ilikuwa inaniambia," akasema
kwa ile sauti yake isiyojua kimo chake.
"Hii inapayuka tu."

Miaka ishirini na miwili ya mashine za kunyolea kondoo
ilimla sikio la kushoto, kisha, bila haraka, la kulia.
Petroli aliisikia kwa nyayo na kwa uti wa mgongo:
akajua lini kubadili gia, lini kuihurumia.
Dizeli hutikisa vyote sawasawa,
kiti, kioo, funguo, fizi za dereva,
na katika tetemeko hilo gia ya pili na ya tatu ni mapacha.

Nami, kwa mazoea ya ufundi, nikamwambia: "Isikilize tu."
Nikauma ulimi.
Alikwisha isoma midomo yangu.

Basi, takometa.
Ipo dashibodini, mshale umelala sifuri.
Ulizoea kulishwa cheche: koili inapiga, wenyewe unahesabu.
Dizeli haina koili, haina plagi za cheche.
Huiminya hewa mpaka hewa yenyewe ipandwe na hasira.
Utaupa nini uhesabu?

Gwilym Pugh, mwenye gereji, akasema tuagize mpya.
Wiki tatu, na bei ya kondoo wanane.
Nikaingia chini kwa mgongo, tochi mdomoni.
Nyuma ya altaneta kuna kipini kimoja, herufi W,
ambacho mafundi wengi hukiacha uchi maisha yake yote.
Nikakivisha waya wa kijani,
nikaupenyeza hadi ndani, nikawasha.

Elfu mbili na mia nane!
Injini inanguruma polepole, haijaguswa mafuta,
na mshale unaapa kwamba tunapanda mlima.
Mwongo mwenye bidii.

Nikachukua kipande cha boksi na penseli.
Puli ya krenki, sentimeta kumi na saba na nusu; ya altaneta, saba.
Mbili na nusu, mara jozi sita za sumaku:
mapigo kumi na tano kwa kila mzunguko,
na mshale ulilelewa kwa manne.
Hakuwa mwongo, maskini. Alihesabu kwa lugha ya nyumbani kwao.

Usiku nikachomelea kijisanduku cha kugawanya,
chenye skrubu ndogo kama mbegu ya ufuta.
Asubuhi Ermelinda akatoa rangi yake ya kucha,
tukatia nukta kwenye puli,
nikaimulika kwa kipimo cha kuazima toka kiwanda cha mbao.
Mimi nje na bisibisi, yeye ndani, vidole hewani:
kumi. Tisa. Tisa bado. Nane.
Saba, na kimoja kimekunjwa nusu.
Hapo hapo! nikapaza sauti, kama mjinga,
kisha nikainua mkono.

Akaichukua ile rangi,
akachora mstari mwekundu kwenye kioo cha takometa,
chini kidogo ya pale ambapo mimi ningechora.
Sikubisha. Gari ni lake.

Aprili akarudi, mvua ikinyesha, hakuzima injini.
"Mshale unakohoa," akasema. "Nikiwasha taa, unashuka, unapanda."
Nikainama na masikio yangu mawili mazima. Sikusikia kitu.
Nikabonyeza mkanda wa altaneta kwa kidole gumba:
umelegea, unateleza, ukingo umeanza kuchanika.

Nikafuata spana.
Yeye akabaki ndani, kidole juu ya mstari wake.